Koleo Lililonifungia Wodini

Kompyuta ilisema nina koleo tumboni, na kompyuta ikishasema, hospitalini humpati mtu wa kubishana nayo. Daktari hakubishana. Sista hakubishana. Mimi ndiye niliyebishana, nimelala chali na kidonda kibichi, sauti yangu ikisikika mpaka wodi ya wanaume.

Niseme mapema kilichonichoma, msije mkadhani ni ukorofi tu. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa Sangailu, ana mimba yake ya kwanza na mwezi wake umeshaingia. Ameolewa huko na watu wa ng'ombe, watu wema, ila zahanati yao ina mkunga mmoja na chumba kimoja. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitamfuata nimlete kwangu Iftin, hapa Garissa, azalie mjini, karibu na madaktari. Mama mkwe wake aliona ni maringo ya mjini. Aliniambia kwenye simu kwamba kwao wote wamezaliwa mkekani na hakuna aliyekufa. Nikamjibu, waliokufa watakuja kusema saa ngapi? Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa fupi.

Begi langu lilikuwa limefungwa liko mlangoni. Nilishawaambia wateja wangu wa kushona kwamba nguo zao zitangoja. Kisha kidole tumbo kikanishika asubuhi nikiwa juu ya cherehani, nikaanguka na kitambaa cha watu mkononi. Majirani wakanipakia kwenye tuk-tuk, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshapasuliwa. Nilipozinduka, la kwanza nililouliza ni lini nitasafiri. Sista akacheka, akasema kwa upasuaji kama huo watu hukaa siku chache tu. Nikashukuru Mungu.

Siku chache hizo ziliisha. Waliopasuliwa baada yangu wakaondoka na vikapu vyao. Mimi daktari akaja akasimama miguuni pangu na uso wa mtu anayekuja kuomba radhi. Kijana mpole, mimi sina ugomvi naye hata leo.

"Mama, kuna kitu kidogo," akasema. "Baada ya upasuaji wako, chombo kimoja hakijasomwa."

"Hakijasomwa? Kwani ni barua?"

Akanieleza. Vyombo vyote vya thieta, makasi, visu, makoleo, sasa vina alama ya hospitali na chipu ndogo kama punje ya mchele. Kabla ya kukupasua mashine inavisoma kimoja kimoja, na kila kimoja kinaandikwa kwa jina lako. Ukishashonwa vinasomwa tena vikitoka. Katika seti yangu, koleo moja la kubana mshipa lilisomwa likiingia. Kutoka, halikusomwa.

"Basi liko wapi?" nikauliza.

Akaangalia tumbo langu, na mimi nikaliangalia.

Loo! Nikwambie, mtu hajui ana tumbo mpaka aambiwe ndani yake kuna chuma. Hapo hapo nikaanza kulisikia. Nikigeuka kushoto, linachoma. Nikigeuka kulia, linanifuata. Nikamshika daktari koti, nikamwambia nipasue tena leo hii, litoe, mimi nina safari. Akanituliza, wakanipeleka kupiga picha. Picha ikatoka safi. Mbavu zangu zote zipo, uti wa mgongo upo, koleo halipo. Daktari mwenyewe alinionyesha kwenye mwanga, akasema chuma cha urefu ule kingeonekana hata na mtu aliyesinzia.

"Alhamdulillah," nikasema. "Nipe ruhusa yangu."

"Hapo ndipo penye shida, mama."

Ikawa hivi. Picha inasema sina koleo, kompyuta inasema ninalo, na mwenye geti ni kompyuta. Chombo kisiposomwa, faili yangu haifungiki. Faili isipofungika, karatasi ya kutoka haitoki. Na bila karatasi hiyo, soja wa getini hakupitishi, hata uwe umepona kuliko yeye. Nikauliza, hakuna mtu mwenye kidole cha kubonyeza hapo ikafunguka? Wakasema mfumo ni mpya, wenye kuufungua ni wale waliouleta, wako Nairobi, wamepigiwa, wamesema wanalishughulikia. Ukisikia mtu wa Nairobi anakwambia analishughulikia, tandika kitanda.

Nami nikatandika. Sikuwahi katika maisha yangu kuhisi nimefungwa. Mimi mzaliwa wa Lamu, nimeolewa Garissa, nimezika mume Garissa, nimesomesha mtoto kwa sindano, na sijawahi kuomba mtu ruhusa ya kutoka mlangoni. Sasa nilikuwa na kitanda cha dirishani, nauona ukuta, na juu ya ukuta naona vichwa vya ngamia wakipita upande wa barabara. Kila wakipita nasema moyoni, hata nyinyi mnakwenda. Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu moja tu, kwamba mwanangu atashikwa na uchungu mimi sipo.

Simu haikusaidia. Sangailu ukitaka mtandao unautafuta kwa miguu, na mwanamke aliyefikia hatua ile hatembei kutafuta mtandao. Nikipiga naambiwa mteja hapatikani. Nikamtegemea wifi yangu.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na anafanya kazi hospitali hiyo hiyo, chumba cha kuoshea vyombo vya thieta. Kila chombo kikitoka kwa mgonjwa kinapitishwa dirishani na damu yake, yeye anakiosha, anakipika kwa mvuke, halafu kinakwenda meza ya pili kusomwa na kufungwa. Amezaliwa na kukulia kwenye ng'ombe na ngamia upande wa Sangailu, na ndiye aliyemposesha binti yangu huko. Chipu zilipoletwa alikuja nyumbani kwangu akicheka mpaka anashika ukuta. "Abaayo, hata makasi sasa ina sumad!" Abaayo ni dada kwa Kisomali, na sumad ni ile alama ya moto ambayo kila ukoo huchoma mifugo yake. Kwake yeye jambo lilikuwa zuri na la kueleweka. Kitu chenye alama ya mwenyewe hakipotei. Popote kitakapoonekana, mtu ataijua alama na atakirudisha.

Alikuja kunitazama kila jioni na chupa ya chai ya tangawizi. Na mimi, kila jioni, nilimficha.

Ndiyo, nilimficha, yeye na wote waliokuja. Wanawake wa Iftin wakija kukutazama hawaji mmoja, wanakuja safu nzima, na kila mmoja ana masikio mawili. Ningesema neno koleo mara moja tu, kabla ya magharibi ingekuwa ni panga. Binti yangu angeletewa habari kwamba mama yake ana chuma tumboni, na hiyo ndiyo habari ya kumpelekea mja mzito? Kwa hiyo nikasema presha. Nikiulizwa mbona hutoki, presha. Nikatikisiwa vichwa, nikaombewa dua ya presha, nikaletewa mpaka majani ya kuteremsha presha. Daktari na sista nao nikawaomba wasimtajie mtu wa kwangu yeyote, wakanistahi.

"Binti yetu vipi?" namuuliza wifi kila akija.

"Mzuri, abaayo, mzuri. Habana shida. Mtandao tu."

Siku za mwanzo alijibu, kwa ule ulimi wake usiotamka p, akinitazama. Baadaye akawa anajibu akimimina chai. Mimi nilikuwa nimeshughulika na uongo wangu, sikuutazama wa kwake.

Siku moja yakanifika shingoni. Ilikuwa saa ya mchana ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa, watoto wanakimbia, watu wanaingia na kutoka. Nikavaa buibui juu ya gauni la hospitali, nikajifunika uso, nikajichomeka katikati ya kundi la wanawake waliokuwa wakiaga. Nilitembea nao taratibu kama niliyekuja kuaga mgonjwa wangu. Mmoja akanipa hata pole. Nikaliona geti, nikaona tuk-tuk zimepanga mstari nje, nikasema Yarabi nivushe.

Nilisahau bangili. Ile ya plastiki wanayokufunga mkononi ukilazwa nayo ina chipu yake, na getini kuna mashine ya kuzisoma bangili. Ilipiga kelele kama niliyeiba sukari dukani. Wanawake wote wakageuka. Soja, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akanyoosha mkono mbele yangu.

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe!" nikamwambia. "Nitazame! Nimesimama, nimevaa, natembea! Nina mtoto anazaa!"

"Ruhusa iko?"

"Ruhusa ya nani? Mimi ni mtumwa?"

"Hasira ya nini, mama? Mimi nachunga geti tu."

Akanirudisha mpaka wodini, kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi. Na pale sista mkuu alikuwa ananingoja mbele ya kitanda changu kitupu. Alikuwa ameshtuka kweli kweli, na mtu akishtuka anasema mambo.

"Mama, una akili wewe? Kompyuta inaonyesha una chombo cha thieta tumboni, na wewe unataka kukimbia nacho?"

Wodi nzima ikatugeukia. Nikasikia hata watoto wamesimama. Basi presha yangu ikaisha hapo, na aibu ikaniingia mpaka kwenye nywele. Na nyuma ya sista, chupa ya chai mkononi, alikuwa wifi yangu, amekuja mapema kuliko siku zote.

"Chombo gani?" akauliza wifi.

"Koleo," sista akasema. "Lile tunalolitafuta siku zote hizi. Lilisomwa kwa jina lake."

Wifi akaiweka chupa chini polepole. Akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Subhanallah. Abaayo, hiyo koleo haiko tumbo yako. Iko Sangailu."

Akatueleza, mimi na sista, na wodi yote iliyotega sikio. Siku niliyopasuliwa, mkunga wa zahanati ya Sangailu alikuwa amekuja mjini kuchukua dawa, akapita kumsalimu. Katika maongezi akamwambia makoleo yake yamechoka, hayabani tena, anaona haya hata kusema. Na mkunga huyo ndiye atakayempokea mjukuu wetu ikiwa mimi sitawahi kwenda. Wifi akamtazama, akatazama sinki. Vyombo vyangu ndivyo vilivyokuwa vimetoka kuoshwa. Akachukua koleo moja, akalipika kwa mvuke, akalifunga kwenye kitambaa safi, akampa. Meza ya kusoma haikuliona.

"Kwa nini hukusema?" sista akapiga kelele. "Tumekuuliza!"

"Mumeuliza, nimesema itarudi. Iko na alama yetu. Haibotei."

Na kweli alikuwa amesema. Wao walidhani anawapa moyo.

Huu ndio utaratibu wao, na mimi nimeishi nao miaka mingi, ninaujua. Ndugu akikaukiwa, unampa ngamia wa maziwa akae naye, watoto wanywe. Ngamia anabaki na alama yako, ni wako. Siku yake ikifika atarudi. Ila humtangazi aliyempokea. Hupiti ukisema fulani ana ngamia wangu, maana ni kumvua nguo mbele za watu. Wifi alimsitiri mkunga kama baba yake alivyowasitiri jirani zake. Hakujua ya kwamba ameniacha mimi nimefungwa, kwa sababu mimi nilimwambia ni presha. Tulikaa kitanda kimoja jioni zote hizo, tunakunywa chai moja, kila mmoja na siri yake, na siri ni moja!

Msidhani nililiona hilo wakati huo. Wakati huo nilichemka.

"Wifi, umenifunga miguu! Mtoto wangu anaweza kuzaa wakati wowote, na mimi niko hapa kwa ajili ya koleo lako! Piga simu! Mwambie mkunga aliweke kwenye gari la kwanza, leo, sasa hivi!"

Hakuinua uso.

"Haiwezi kurudi saa hii, abaayo."

"Kwa nini haiwezi?"

"Iko kazini."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Mwanangu alikuwa ameshikwa na uchungu siku mbili nyuma. Kwao mgonjwa haambiwi habari ya kumshtua, kwa hiyo waliamua mimi nisiambiwe. Mtoto alikuwa ametoka asubuhi ile, mzima, lakini mama alichanika vibaya ndani na damu ikakataa kusimama. Mkunga aliutafuta mshipa kwa vidole mpaka akaupata, akaubana kwa lile koleo, na tangu hapo hakuthubutu kulifungua. Walikuwa njiani wanamleta Garissa. Koleo limo mwilini mwake, limefungwa na bendeji lisitikisike, na barabara ile mnaijua ilivyo. Hayo yote wifi alikuwa ameyapata kwa simu muda mfupi kabla ya kuja. Alikuja na chai ili anidanganye tena kwamba mambo ni mazuri.

Sikumtukana tena. Nilikuwa nimekiita laana kile chuma, nimekiapiza kwa kila kiapo ninachokijua, nimeomba kirudi mbio. Sasa nikaanza kuomba kikae pale pale. Bana, nikawa nasema. Bana usiachie. Nililisema neno hilo nikitembea kutoka mlango wa wodi mpaka getini, kwa sababu hapo ndipo mwisho wa kamba yangu. Soja aliniona nakuja, akasimama. Nikamwambia sitoki, nangoja gari. Akamtazama wifi, wifi akamwambia kwa Kisomali. Mzee yule akaniletea kiti chake mwenyewe, akakiweka upande wa ndani wa geti, akasimama yeye juani mpaka alasiri ikaisha.

Gari liliingia limepakwa vumbi hadi vioo. Walipofungua mlango nilimwona mkunga kwanza, amepiga magoti sakafuni, mkono wake uko chini ya shuka ya mwanangu na uso umekauka kwa uchovu. Alikuwa amelishikilia lile koleo safari nzima. Mwanangu alikuwa na rangi ya majivu. Nikamwita jina lake la utotoni. Midomo ikatikisika kidogo. Mama mkwe wake akashuka nyuma na kichanga kwenye leso, akanitazama. Akaniwekea mtoto mikononi.

Nilikimbia kando ya machela na kidonda changu na mjukuu wangu. Mlango wa thieta una mashine yake, inayosoma vyombo tu. Machela ilipopita, ikalia. Mara moja, sauti ndogo. Wote tukaruka. Kijana wa kompyuta akainua kichwa kwenye dirisha lake, akasoma, akasema kwa mshangao, "Lile koleo! Limeonekana!"

"Pisha!" daktari akamwambia, na mlango ukafungwa.

Tuliketi chini pale mlangoni, mimi, wifi, mkunga na mama mkwe, kichanga kikipita kutoka paja hadi paja. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mkunga alikuwa hawezi kukunjua vidole vyake, wifi akawa anamkanda kimoja kimoja. Daktari alipotoka alikuwa na jasho mpaka shingoni. Akasema damu imesimama, ameshonwa, anapumua vizuri, atakaa hospitalini siku nyingi lakini ataishi. Nilitaka kumbusu mikono, akairudisha nyuma kwa haya.

Muda si muda akaja yule kijana wa kompyuta, anakimbia, anatabasamu, ana karatasi mkononi. Koleo limesomwa likitoka. Faili yangu imefungika yenyewe. Akakata bangili yangu kwa makasi, akanikabidhi ruhusa yangu ya geti, ile niliyoililia mchana na usiku.

"Mama, pole sana kwa usumbufu. Uko huru. Unaweza kwenda nyumbani."

Nikaikunja karatasi ile mara nne, nikaiweka chini ya kisigino cha mguu mmoja wa kitanda cha mwanangu, ambao ulikuwa mfupi na ulikuwa ukimtikisa akigeuka. Kisha nikatandika mkeka wangu sakafuni kando yake. Kesho yake jioni, watu wa kutazama wagonjwa walipokuwa wakitolewa, soja mwenye ndevu za hina akapitia wodini kuhakikisha waliobaki ni wagonjwa tu. Akaniona nimeketi na mjukuu kifuani, akautafuta mkono wangu kwa macho, hauna bangili.

"Mama," akasema taratibu, "wewe si mgonjwa tena. Saa ya kutoka imefika."

"Nitoe," nikamwambia, "kama unaweza."